Kanda za mama na skrini pana: zivutwe, zikatwe au ziachwe?

"Marehemu mama yangu aliigiza katika kikundi cha maigizo hapa Kisumu. Kati ya 1993 na 1998 walirekodi vipindi 26 vya nusu saa. Zimebaki kanda 11 za VHS na 3 za Betacam, zote zilikaa ndani ya sanduku la bati nyumbani Nyalenda. Stesheni moja inataka kuvionyesha lakini inasema lazima viwe HD na vijae skrini. Fundi wa kwanza alivuta picha hadi ikajaa, mama akawa mnene ajabu. Wa pili alikata juu na chini, akaipitisha kwenye AI, akanipa faili ya 4K. Imetoka safi kabisa, ila nikimtazama mama naona si yeye, na siwezi kusema ni kwa nini. Anataka shilingi 1,500 kwa kila kipindi. Nimpe kazi? Mimi ni binti yake wa mwisho, na sauti yake na mwendo wake vimebaki humo tu."

Dada yangu, pole sana kwa kumpoteza mama. Nimezitazama klipu zote tatu ulizonitumia: ile ghafi, ile iliyovutwa na ile ya 4K. Nimeziweka sambamba kwenye kompyuta, nikazisogeza picha moja moja, na nadhani nimeona kinachokusumbua. Ni mwanya. Katika klipu ghafi, pale mama anapocheka akiwa kwenye kaunta ya duka, meno yake mawili ya mbele yameachana vizuri. Katika klipu ya 4K yamegusana. Mashine imeuziba mwanya wa mama yako.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, usimpe kazi kwa namna hiyo. Sisemi fundi ni tapeli. Amefanya kile ambacho watu wengi wanakiita "kuboresha", na huenda ukarudi kwake kwa sehemu fulani ya kazi. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, nataka ujue ndani ya kanda zile kuna nini na hakuna nini.

Kanda zako zimerekodiwa kwa mfumo wa PAL, uliotumika Kenya hadi analogi ilipozimwa 2015. Picha ya PAL ina mistari 576 inayoonekana. Ukiiingiza kwenye kompyuta unapata pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 720 kwa 576, yaani 414,720 kwa jumla. HD kamili ni 1920 kwa 1080, mara 5 ya hizo. 4K ni 3840 kwa 2160, na hapo ni mara 20. Chukua pikseli 20 za faili uliyopewa: moja imetoka kwenye kanda, 19 zimebuniwa. Na hapo nimeihesabia kanda yako kwa ukarimu, kwa sababu VHS haikuwahi kukifikia kiwango hicho cha PAL. Kwa upana, hutofautisha takribani mistari 240 tu ya kusimama, na upande wa rangi hubeba pungufu sana ya hapo. Ndiyo sababu wekundu wa leso ya mama umevuja nje ya ukingo wa leso yenyewe na kumwagikia ukutani.

Hiyo akili unde, yaani AI, hufanya nini basi? Imelishwa picha nyingi mno, zile safi pamoja na nakala zake zilizofifishwa, ikajifunza kukisia: doa la namna hii huwa ni jicho, doa la namna ile huwa ni nywele. Ikipewa uso wa mama haiufukui uso uliojificha kwenye kanda. Inachora uso unaofanana na nyuso ilizowahi kuona. Nimepima: katika klipu ghafi uso wake una upana wa pikseli 60 hivi, na mwanya ni pikseli moja, mbili akicheka sana. Kwa mashine, kidoa cheusi cha pikseli moja ni uchafu wa kanda, basi ikakifuta, ikaweka meno ya watu wengine.

Mtazame pia yule mzee anayeigiza babu, aliyeketi kwenye kigoda. Ni mmoja wa wazee wa Kijaluo wa kizazi kilichong'olewa meno sita ya chini kwa mila. Kwenye kanda pengo linaonekana kila anapofungua kinywa. Kwenye 4K amepewa safu kamili ya meno. Yeyote aliyelelewa na babu wa aina ile pande hizi za ziwa atashtuka, hata kama naye, kama wewe, hatajua mara moja kilichomshtua.

Najua utaniuliza: mbona vipindi vya zamani vya Marekani vinaonyeshwa leo vikiwa safi kana kwamba vilipigwa jana? Swali hilo naulizwa karibu kila wiki, na ndilo linalowaponza mafundi wetu. Vingi vya vipindi hivyo havikurekodiwa kwenye kanda ya video. Vilipigwa kwa filamu halisi ya milimita 35, ile ya kemikali. Filamu hiyo ilikuwa na maelezo mengi kuliko televisheni za wakati ule zilivyoweza kuonyesha. Yalikuwemo tangu siku ya kwanza, na anayeiskani upya leo anakwenda kuyachukua tu. Mfano mzuri ni mfululizo wa Star Trek: The Next Generation, uliotengenezwa kati ya 1987 na 1994. Ulipigwa kwa filamu, ila uhariri na picha za ujanja vikafanywa kwenye video, kwa hiyo kanda za mwisho zilikuwa hafifu kama video nyingine. Kuutoa kwa HD, kazi iliyotoka kati ya 2012 na 2014, ilibidi warudi kwenye negativu (filamu ya awali iliyotoka kwenye kamera), watafute vipande vyake, waviskani, wahariri kila kipindi upya na kutengeneza tena picha za ujanja. Na baada ya gharama yote hiyo waliacha picha katika umbo lake la zamani la 4 kwa 3, ikiwa na nafasi nyeusi pembeni.

Kikundi cha mama hakikuwa na negativu. Kamera iliandika moja kwa moja kwenye kanda, na kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kipindi kilichopigwa kwa video hakigeuki kuwa HD kwa kuskaniwa upya, kwa sababu hakuna cha kuskani.

Sasa tuje kwenye kujaa skrini, maana umeambiwa "HD na ijae" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni mambo mawili tofauti. HD inahusu wingi wa pikseli. Kujaa kunahusu umbo. Kanda zako ni 4 kwa 3, televisheni za sasa ni 16 kwa 9. Ukiivuta picha ijae, kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja na urefu unabaki ulivyo. Mama akawa mnene, gurudumu la baiskeli likawa yai. Njia hiyo sitaijadili zaidi. Haifai kwa kazi yoyote. Na kama nyumbani pia unaona watu wanene ukicheza kanda, chukua rimoti, tafuta sehemu ya umbo la picha, uweke 4:3. Televisheni nyingi huwekwa kuvuta picha tangu dukani.

Ukiikata ijae, unapoteza robo ya kimo chake. Robo kamili. Nilipoilinganisha klipu ya fundi wa pili na ile ghafi, sikulazimika kutafuta mbali nione kilichopotea. Mama amesimama nyuma ya kaunta, mteja anabishana naye juu ya deni la sukari, na wakati huohuo mkono wa kijana unapenyeza barua chini ya kaunta, kwenye ukingo wa chini kabisa wa picha. Mama anaihisi, anaipokea bila kuangalia, anacheka. Mcheko wote ule unatokana na barua. Katika klipu iliyokatwa hakuna mkono wala barua. Kuna mwanamke anayecheka bila sababu mbele ya mteja mwenye hasira. Aliyeshika kamera siku ile alipanga vitu vitatu ndani ya mraba wake kwa makusudi: mteja, uso wa mama, barua. Fundi ametupa kimoja, na kisa kikaanguka.

Wakubwa pia wamefanya kosa hilihili. Katuni ya The Simpsons ilipoingia kwenye huduma ya mtandaoni ya Disney+ Novemba 2019, vipindi vya zamani vilikuwa vimekatwa vijae skrini. Kuna kichekesho kimoja ndani ya kiwanda cha bia ambapo mapipa matatu ya bia za majina tofauti yanajazwa na bomba moja, na bomba hilo linaonekana juu ya picha. Walipokata juu, bomba likaondoka, na kichekesho nacho. Watazamaji walilalamika, na Mei 2020 wakaruhusiwa kuchagua umbo la awali. Vichekesho vya Seinfeld vilipofika Netflix 2021, kipindi kinachohusu shimo la barabarani kilionyeshwa na shimo lenyewe limekatwa nje ya picha.

Ili niwe mkweli kwako, kupanua si dhambi kila mara. Filamu wakati mwingine ilinasa eneo la pembeni ambalo televisheni ya zamani haikulionyesha, na wanaopanua hulifungua. Tamthilia ya The Wire ilitolewa upya na stesheni ya HBO kwa 16 kwa 9 mwaka 2014, na David Simon, mtunzi wake, aliandika kwamba kuna matukio yaliyonufaika na mengine yaliyopoteza. Lakini wao walikuwa na pembeni za kufungua. Wewe huna. Kwako kujaa maana yake ni kukata.

Njia ya katikati ipo. Uingereza ilipokuwa inahama kutoka 4 kwa 3 kwenda skrini pana, BBC ilitumia sana umbo la 14 kwa 9. Ukikata picha yako kufikia hapo, inapotea sehemu moja kati ya saba badala ya robo, na nafasi nyeusi za pembeni zinakuwa nyembamba. Kama stesheni itashikilia msimamo, hiyo ndiyo huruma ya mwisho ningekubali, na kwa sharti kwamba mtu mwenye macho akae na kila tukio aamue wapi pakatwe: hapa juu, pale chini, hapa pasiguswe. Vipindi 26 kwa namna hiyo ni kazi ya majuma.

Lakini kwanza zungumza na stesheni, maana naamini hawajaelewa wanachokitaka. Waambie utawapa faili ya 1920 kwa 1080. Ndani yake picha ya mama itakuwa 1440 kwa 1080, na kila upande patakuwa na nafasi nyeusi ya pikseli 240. Mitambo yao itaipokea kama HD bila kunung'unika, kwa sababu faili yenyewe ni HD. Wakisema weusi unachukiza, watakupendekezea kujaza pembeni kwa picha ileile iliyofifishwa. Mimi siipendi. Kila mama akisogea, vivuli viwili vinasogea pembeni na jicho linavifuata. Weusi mtazamaji husahau baada ya dakika mbili.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo nahofia kuliko meno. Ulisema unataka mwendo wake. Kanda ya PAL haibebi picha nzima 25 kwa sekunde; inabeba nusu-picha 50. Nusu ya kwanza ina mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, nusu inayofuata ina ya 2, 4, 6, na hiyo ya pili imenaswa baadaye kidogo, sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Televisheni za zamani zenye kisogo zilizichora kwa zamu, jicho likaona mwendo laini. Skrini bapa inaonyesha mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo kila kinachosogea kinaota meno kama kitana. Mafundi wengi hutibu kitana kwa kutupa nusu moja. Kitana kinaondoka, na nusu ya mwendo pia.

Tazama mama anapocheza mwishoni mwa klipu ghafi, mabega yanavyotetemeka. Mtetemo ule una kasi. Katika 4K mabega yanarukaruka, yanatoka hapa na kutokea pale, na kuna vivuli vya mistari kwenye mikono, dalili kwamba fundi alibadilisha ukubwa wa picha kabla ya kutenganisha nusu-picha. Mistari ikishachanganyika hivyo haitenganishwi tena. Njia sahihi ni kutenganisha kwanza, kila nusu-picha ikajengwa kuwa picha kamili, upate picha 50 kwa sekunde, ndipo uikuze. Programu za kufanya hivyo ni za bure: FFmpeg inaweza, na QTGMC, inayotumika ndani ya AviSynth, hutoa matokeo mazuri zaidi ingawa ni ya polepole sana. Fundi anayejua kazi atakuelewa ukimwambia "nataka picha 50 kwa sekunde". Asiyejua atakwambia haina tofauti.

Sasa kazi yenyewe. Kitu cha kwanza, leo hii kabla ya chakula cha jioni: chukua kila kanda ya VHS, tazama mgongo wake, upande wa lebo. Kuna kipande kidogo cha plastiki pembeni, ukubwa wa kucha. Kama bado kipo, kivunje kwa bisibisi. Kikiwepo, kidole kimoja kikibonyeza kitufe kibaya kwenye deki kinaweza kufuta mama yako. Kikivunjwa, deki inakataa kurekodi.

Kisha kunakili. Kila unapochezesha kanda, kichwa cha deki kinaikwangua kidogo, kwa hiyo nakala ya kwanza ndiyo iwe nzuri kuliko zote. Tumia deki iliyo safi, yenye tundu la S-Video ikiwezekana, na kifaa cha kunyoosha mwendo wa mistari ambacho mafundi wa stesheni hukiita TBC. Usikubali kanda inakiliwe moja kwa moja kuwa DVD au MP4 ndogo. Omba FFV1, mfumo unaobana faili bila kutupa chochote, nusu-picha zikiwa zimeachwa kama zilivyo. Video ya PAL isiyobanwa hula gigabaiti 75 hivi kwa saa; FFV1 huishusha hadi karibu nusu au chini ya hapo. Vipindi vyako ni saa 13. Diski ya terabaiti 1 inatosha, ila nunua mbili na zikae nyumba mbili tofauti. Na kwa jinsi stima inavyokatika, kompyuta iwe kwenye UPS, kifaa cha betri ya akiba, wakati wote wa kunakili.

Faili hizo za FFV1 ndizo urithi. Usizisafishe, usizikate. Ya stesheni inatengenezwa kutokana nazo, na ukisharidhika na hilo, cheza na akili unde upendavyo kwenye nakala. Ina matumizi ya haki: kupunguza chenga kidogo, kutuliza rangi. Iweke chini kabisa, kisha usimamishe picha kwenye mcheko uhesabu meno.

Wapi uache kujifanyia? Zile tatu za Betacam usijaribu kuzicheza popote, haziingii kwenye deki ya VHS, na mashine yake ni ya stesheni. Tafuta mtu aliyefanya kazi ya kanda katika stesheni za televisheni miaka hiyo. Huenda zikawa bora kuliko VHS zote, kwa sababu Betacam huandika rangi mbali na mwanga na haizichanganyi. Kama kuna kipindi kipo kwenye zote mbili, tumia cha Betacam. Halafu kuna kuvu. Sanduku la bati, joto la Kisumu na unyevu wa ziwa ni mazingira ambayo kuvu hupenda. Inua kifuniko cha kila kanda, umulike kwa tochi ukingo wa mkanda. Ukiona unga mweupe au utando, usiiingize kwenye deki yoyote. Mwanzoni mwa kazi hii niliiingiza moja, ya harusi ya familia ya Nakuru. Kuvu ikachafua vichwa, vichwa vikakwaruza kanda iliyofuata, ambayo ilikuwa nzima. Kanda ile ya pili haikupona. Yenye kuvu, iliyokatika au inayolia kama mlango inapozunguka, ifunge kwenye karatasi, iandike, umpelekee mtu anayeisafisha kwa mikono.

Kabla ya kutia sahihi na stesheni, watafute waigizaji waliobaki na familia za waliofariki, mwandikiane makubaliano. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inawalinda waigizaji pia, si mwenye kanda pekee.

Yule fundi wa pili mpe nafasi moja. Mpe dakika mbili za klipu ghafi, mwombe 1440 kwa 1080, picha 50 kwa sekunde, bila AI. Mabega yakitetemeka inavyostahili, umepata mtu wa kazi na 1,500 yake ni halali.

Kanda zenye kuvu na zile za Betacam, ukikosa mtu wa karibu, niletee mimi kabla ya mvua za Machi, wima kama vitabu, si zikilala. Njoo pia na picha moja ya karatasi ya mama, ya karibu, iliyopigwa mchana, akiwa amejifunga leso ileile kama ipo. VHS hupotosha wekundu kuliko rangi nyingine zote, na nitahitaji kitu cha kuaminika cha kulinganishia ngozi yake.